Elbo na koki zinavyokula presha ya maji ya biashara Nyasubi

MFANYABIASHARA wa maji wa Kata ya Nyasubi, mjini Kahama, anapoona ndoo inachelewa kujaa na foleni inarefuka, mawazo mawili humjia haraka. La kwanza ni kununua pampu kubwa zaidi. La pili ni kupandisha simtanki juu zaidi ili maji yashuke kwa nguvu. Yote mawili yanahitaji fedha, na mara nyingi fedha hizo hutumika kabla mtu hajauliza presha aliyokuwa nayo inapotelea wapi.

Hesabu za wahandisi wa maji zinaonyesha kuwa kwenye bomba fupi lenye kona nyingi, presha kubwa huliwa na vile vipande vidogo vinavyouzwa kwa bei ndogo dukani: elbo, tii, koki na nonriteni. Kwenye bomba refu mambo hugeuka, na mlaji mkubwa huwa ni wembamba wa bomba lenyewe. Asiyejua tofauti hiyo anaweza kurekebisha mahali pasipo na tatizo na kuliacha tatizo palepale.

Hesabu hizo leo hufanywa na programu za kompyuta zinazoigiza mwendo wa maji ndani ya mabomba. Mojawapo ni EPANET, iliyotengenezwa na Shirika la Mazingira la Marekani, EPA, na kutolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1993. Inapatikana bure na hufanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida ya ofisini.

Maji yanayotoka mbali

Maji ya ziwa yanayofika Kahama husafiri safari ndefu. Huvutwa kutoka Ziwa Victoria katika kijiji cha Ihelele, wilayani Misungwi, mkoani Mwanza, ambako husafishwa na kisha kusukumwa hadi kwenye tanki kubwa katika kilima cha Mabale. Kutoka hapo hushuka yenyewe kwa mteremko kuelekea Shinyanga na Kahama. Mradi huo, unaoendeshwa na Mamlaka ya KASHWASA, ulizinduliwa na Rais Jakaya Kikwete mwaka 2009.

Katika njia hiyo kuna mahali panapoitwa Solwa, ambapo bomba hugawanyika. Baadaye Solwa iliongezewa tawi jingine, lile linalopeleka maji Nzega, Igunga na Tabora, ambalo Rais John Magufuli alilizindua Januari 2021. Ni njiapanda ya bomba kama ile iliyo chini ya simtanki la muuza maji, ila ukubwa wake ni wa aina nyingine kabisa.

Swali analojiuliza mhandisi kabla ya kukata bomba kubwa na kuweka tawi ni hili: wa zamani watabaki na maji kiasi gani wapya wakianza kunywa? Hawezi kufunga bomba la kilomita kadhaa ili ajaribu tu. Ndiyo maana hulijenga kwanza ndani ya kompyuta, akalijaza maji ya hesabu na kuona presha inavyokuwa katika kila tawi.

Kompyuta inavyoiona njiapanda

Ndani ya programu kama EPANET, mtandao wa maji huchorwa kwa nukta na mistari. Mistari ni mabomba. Nukta ni mahali mabomba yanapokutana, au mahali maji yanapotolewa. Kila nukta hupewa mwinuko wake na kiasi cha maji kinachotumika hapo. Kila bomba hupewa urefu, kipenyo cha ndani na namba inayoeleza ulaini wake.

Kisha kompyuta hufuata kanuni mbili ambazo hata fundi bomba asiye na kompyuta anazijua kwa uzoefu. Kwanza, maji yanayoingia kwenye njiapanda lazima yalingane na yanayotoka. Pili, maji yakipita njia mbili tofauti na kukutana tena, presha inayopotea katika njia zote mbili huwa sawa. Profesa Hardy Cross wa Marekani alichapisha mwaka 1936 njia ya kuzikokotoa kanuni hizo kwa mkono, kwa kukisia na kusahihisha tena na tena. Kazi iliyomchukua mtu siku nzima sasa kompyuta huimaliza kwa kufumba na kufumbua.

Lakini kuna jambo linalowapotosha wengi wanaoanza. Katika programu hiyo, nukta ya njiapanda yenyewe haipotezi presha hata kidogo. Kwa kompyuta, tii ni kitone tu. Upotevu wa tii, elbo au koki lazima uandikwe na mtumiaji mwenyewe, kwenye bomba linaloingia au kutoka hapo, kama namba maalumu. Nafasi ya namba hiyo ikiachwa wazi, kompyuta huchukua sifuri na kuendelea na hesabu kana kwamba bomba limenyooka kama rula.

Namba za viungio

Namba hizo zilipatikana kwa kupima viungio kwenye maabara. Kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo kiungio kinavyokula presha zaidi. Kitabu cha maelekezo cha EPANET kinataja hizi kuwa za kawaida:

Globu valvu iliyofunguliwa yote: 10
Nonriteni ya mlango: 2.5
Tii, maji yakikata kwenda tawini: 1.8
Tii, maji yakinyooka: 0.6
Elbo fupi ya kona kamili: 0.9
Elbo ndefu yenye mzunguko mpana: 0.6
Elbo ya nusu kona: 0.4
Geti valvu iliyofunguliwa yote: 0.2
Mdomo wa bomba linalotoka kwenye tanki: 0.5
Mdomo wa kutolea maji: 1.0

Tofauti kubwa iko kati ya globu valvu na geti valvu. Kwa nje zinaweza kufanana, na zote hufungwa kwa kuzungusha. Ndani ya globu valvu maji hulazimika kupanda, kupita kwenye tundu na kugeuka tena. Ndani ya geti valvu kipande cha chuma hunyanyuka chote na kuacha njia wazi. Kwa mujibu wa namba hizo, globu valvu moja hula presha sawa na geti valvu 50.

Namba hiyo huzidishwa na nguvu ya mwendo wa maji. Mwendo ukiongezeka mara 2, upotevu huongezeka mara 4. Kwa hiyo kiungio kilekile huwa na madhara makubwa kwenye bomba jembamba ambamo maji hukimbia, na madhara madogo kwenye bomba pana ambamo maji hutembea polepole.

Hapo ndipo Solwa na Nyasubi zinapotofautiana. Katika bomba lenye kipenyo cha mita 1, maji yakienda mita 1 kwa sekunde, tii ya tawi hula presha ya sentimita 9 tu. Bomba hilo likienda makumi ya kilomita, sentimita 9 hazionekani kabisa. Kwenye bomba la inchi moja lililo chini ya simtanki, hesabu hubadilika.

Ndoo moja, sekunde 33

Chukua mfano wa kioski chenye simtanki ambalo usawa wa maji yake uko mita 3 juu ya mdomo wa kuchotea. Mita hizo 3 ndizo presha yote iliyopo. Bomba ni la plastiki la mita 10, lenye kipenyo cha ndani cha milimita 25. Njiani kuna elbo fupi 6, tii moja ya tawi na globu valvu 2, moja chini ya tanki na nyingine pale maji yanapochotwa.

Ukijumlisha namba za viungio vyote pamoja na midomo miwili ya bomba, unapata 28.7. Hesabu ikikamilika, bomba hilo hutoa takriban lita 36 kwa dakika. Ndoo ya lita 20 hujaa kwa sekunde 33.

Sasa mwenye kioski aondoe globu valvu zote 2 na kuweka geti valvu 2. Kila kitu kingine kibaki kilivyo. Jumla ya namba hushuka hadi 9.1, maji huongezeka hadi lita 52 kwa dakika, na ndoo hujaa kwa sekunde 23. Katika ndoo 100, muda wa kuchota hupungua kutoka dakika 55 hadi dakika 38.

Kama asingegusa valvu hizo, angelazimika kupandisha tanki kutoka mita 3 hadi zaidi ya mita 6 ili apate maji kiasi hichohicho. Mnara wa mita 6 unaobeba tani kadhaa za maji unahitaji msingi, nondo, saruji na fundi anayejua kazi yake. Valvu mbili zinahitaji spana, tepu ya nyuzi na nusu saa.

Jaribio jingine linaonyesha kosa lililo rahisi kufanyika. Mwenye kioski akinunua bomba pana la milimita 40, lakini akairudishia elbo, tii na globu valvu zake za zamani za milimita 25, ndoo itashuka kutoka sekunde 33 hadi sekunde 29 tu. Bomba limepanuka, lakini milango imebaki ileile.

Shambani ni kinyume

Mkulima wa mboga anayevuta maji kisimani wakati wa kiangazi ana hesabu yake tofauti. Chukua mfano wa bomba la plastiki la mita 100, kipenyo cha ndani milimita 25, linalotakiwa kutoa lita 1 kwa sekunde. Lina elbo 4, nonriteni moja, globu valvu moja na tii moja ya tawi.

Hapa viungio vyote kwa pamoja, pamoja na midomo ya bomba, hula presha ya mita 4 hivi. Bomba lenyewe, kwa kusuguana na maji, hula mita 20. Jumla ni mita 24 kabla maji hayajapanda hata hatua moja ya mlima. Pampu yenye uwezo wa kusukuma mita 30 kwa kiasi hicho cha maji ingebakiwa na mita 6 tu.

Mkulima huyu akibadili globu valvu kuwa geti valvu ataokoa mita 2. Si haba, lakini tatizo lake kubwa liko kwingine. Akiweka bomba na viungio vya milimita 40, upotevu wote hushuka kutoka mita 24 hadi chini ya mita 3. Akifika milimita 50 hubaki chini ya mita 1. Ukiongeza kipenyo mara 2, msuguano wa bomba hupungua karibu mara 30. Ndiyo sababu bomba pana, ingawa bei yake ni kubwa siku ya kununua, huweza kumwezesha mkulima kutumia pampu ndogo na mafuta kidogo kwa miaka yote itakayofuata.

Aina ya bomba nayo ina mchango wake. Kwa namba za kawaida za ulaini, ambazo ni 140 kwa plastiki na 120 kwa bomba la chuma lililopakwa zinki, bomba la chuma hula presha theluthi moja zaidi kuliko la plastiki lenye kipenyo kilekile. Likipata kutu ndani, hali huzidi kuwa mbaya.

Upande wa kuvuta una sheria zake

Kuna sehemu moja ya shamba ambapo kila elbo lazima ihesabiwe, hata kama bomba la kusukuma ni refu: bomba linalotoka kisimani hadi kwenye pampu. Pampu iliyo juu ya ardhi hainyanyui maji kwa nguvu zake zote. Huondoa hewa kwenye bomba, na uzito wa hewa ya nje ndio husukuma maji kupanda.

Kahama iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kuliko pwani. Kwa nadharia, hewa hiyo inaweza kuinua maji yasiyozidi mita 9 hivi. Katika kazi halisi ni mita 6 au 7. Mita hizo lazima zitoshe kina cha maji, futi valvu, elbo na msuguano wa bomba. Kisima kinaposhuka mwezi Septemba au Oktoba, pampu iliyokuwa ikivuta vizuri mwezi Mei huanza kukohoa. Mkulima huweza kudhani injini imechoka, kumbe presha ya kuvuta imeisha njiani.

Dawa yake ni kuweka pampu karibu na maji kadiri usalama unavyoruhusu, kutumia bomba la kuvutia lililo pana kuliko la kusukumia, na kuweka kona chache iwezekanavyo. Maungio ya upande huo yakazwe vizuri, kwa sababu yakivuja hayatoi maji nje bali huingiza hewa ndani, na pampu hupoteza maji.

Mitego ya kompyuta

Programu ni chombo, na husema kile ilichoambiwa. Mbali na kosa la kuacha namba za viungio, mtego mwingine ni kuandika kipenyo cha nje badala ya cha ndani. Bomba la plastiki huuzwa kwa kipenyo cha nje, na bomba la milimita 32 lenye ukuta mnene linaweza kuwa na tundu la milimita 26 tu.

Mtego wa tatu ni presha yenye alama ya kutoa. Kwa kawaida programu huchukulia kuwa kila mteja anapata maji yote aliyoandikiwa, hata kama presha haitoshi. Matokeo yake huweza kuonyesha presha ya chini ya sifuri mwisho wa mtaa, jambo linalomaanisha kuwa koki za huko hazitapata maji yale. Toleo la 2.2 la EPANET, lililotolewa mwaka 2020, liliongeza njia ya kukokotoa ambamo maji hupungua kadiri presha inavyopungua, kama ilivyo mtaani.

Presha ya chini ya sifuri si jambo la kwenye kompyuta pekee. Mtu anayefunga pampu moja kwa moja kwenye bomba la mtaa huweza kuisababisha kweli. Bomba likivutwa namna hiyo, maji machafu ya mtaroni huingia kupitia penye ufa na kuwafikia majirani. Njia salama ni kuyaacha maji ya mamlaka yaingie yenyewe kwenye tanki la chini, kisha pampu ivute kutoka kwenye tanki hilo.

Kwa mwenye duka la vifaa

Mjini Kahama, ambako wakulima, wenye nyumba na wachimbaji wadogo hununua vifaa vya maji, muuza duka huulizwa ushauri kuliko mtu mwingine yeyote. Akiujua mchezo huu atapata wateja wanaorudi.

Mteja anayetaka valvu ya kufungulia na kufunga tu apewe geti valvu, au koki ya mpini yenye tundu pana kama bomba. Kuitambua ni rahisi: ifungue hadi mwisho, kisha uchungulie kutoka upande mmoja. Ukiona mwanga umenyooka hadi upande wa pili, maji nayo yatanyooka. Usipoona, maji yatazunguka. Globu valvu ina kazi yake, ambayo ni kupunguza na kurekebisha kiasi cha maji, na haifai kuwekwa kila mahali kwa mazoea.

Lebo ya pampu nayo inahitaji maelezo. Namba kubwa ya mita iliyoandikwa hapo hupatikana wakati pampu haitoi maji yoyote, na namba kubwa ya lita hupatikana wakati pampu haipandishi maji popote. Namba hizo mbili hazipatikani pamoja. Mteja aulizwe kwanza bomba lake lina urefu gani, kipenyo gani, kona ngapi na mlima wa mita ngapi.

Asiye na kompyuta anaweza kuanza kwa karatasi. Atembee kutoka kwenye maji hadi kwenye koki ya mwisho akiandika kila elbo, tii na valvu anayoikuta, apime urefu wa bomba, kisha aweke ndoo ya lita 20 chini ya koki na kuhesabu sekunde. Karatasi hiyo akimpelekea fundi aliyesomea maji, huyo atakuwa na kila anachohitaji ili kuijaza kwenye programu na kumwambia kama atoe fedha kwenye valvu, kwenye bomba au kwenye pampu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na presha ya maji nayo ni mali.